Bendera Nyekundu Nyuma ya Mashua: Somo la Kuona na Kuonekana Majini

UTANGULIZI

Katika maziwa ya jimbo la California, Marekani, siku za mapumziko ya kiangazi, mashua za mota hupita huku na huku zikivuta watu wanaoteleza juu ya maji kwa ski. Mtelezaji aliyesimama juu ya ski zake huonekana toka mbali. Yu wima, yu katika mwendo, na maji meupe huruka nyuma yake. Lakini mara tu anapoanguka, mambo hubadilika. Mwili wote huzama, na kinachobaki juu ya maji ni kichwa tu, kiasi cha nazi, nacho kimetulia. Mashua iliyokuwa ikimvuta haina breki, hivyo husonga mbele kabla ya kuweza kugeuka. Kwa muda huo mtelezaji yu peke yake katika njia ya mashua nyingine, ilhali manahodha wa mashua hizo yamkini hawana habari naye.

Kwa ajili ya muda huo mfupi, sheria ya California inaagiza kwamba katika mashua ivutayo iinuliwe bendera ya rangi nyekundu au ya machungwa, yenye umbo la mraba au mstatili, ambayo kila upande wake haupungui inchi 12, yaani sentimeta 30 hivi. Bendera hiyo sharti ionekane kutoka pande zote. Majimbo mengine ya magharibi ya nchi hiyo, kama vile Nevada na Utah, nayo yana sheria za namna hiyo.

Mtu aweza kuuliza: kitambaa kidogo kiasi hicho chawezaje kuokoa maisha ya mtu? Na kwa nini rangi hizo mbili tu ndizo zilizochaguliwa? Majibu yanapatikana katika fizikia ya mwanga, katika biolojia ya jicho na katika hesabu za pembetatu zinazofundishwa shuleni.

MCHEZO NA HATARI YAKE

Kuteleza juu ya maji kwa ski kulianza mwaka 1922. Kijana Ralph Samuelson, aliyekuwa na umri wa miaka 18, alifanya majaribio yake katika Ziwa Pepin, jimbo la Minnesota, mahali ambapo mto Mississippi unapanuka na kuwa ziwa. Alijaribu kwanza mbao za pipa, kisha ski za theluji, na zote zikamshinda. Mwisho alitengeneza mbao ndefu na pana zaidi, akavutwa na mashua iliyoendeshwa na ndugu yake, akafaulu kusimama. Baada ya hapo mchezo ulienea, na mwaka 1972 ukaonyeshwa katika Michezo ya Olimpiki ya Munich kama mchezo wa maonyesho.

Siku hizi kamba ya kuvutia aghalabu huwa na urefu wa meta 23 hivi, na mwendo wa kilometa 50 kwa saa ni wa kawaida kwa watu wazima. Mwendo huo ni sawa na meta 13.9 kwa sekunde. Kwa hiyo mashua ikiendelea kwa sekunde 10 tu bila nahodha kutambua kwamba mtelezaji ameanguka, itakuwa imemwacha nyuma kwa meta 139 zaidi.

Hatari kubwa kuliko zote ni rafadha, yaani propela. Ichukuliwe rafadha yenye mapanga 3 inayozunguka mara 1,500 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 25 kwa sekunde, na kwa kuwa kila mzunguko hupitisha mapanga matatu, panga 75 hupita mahali pamoja katika sekunde moja. Mtu hawezi kuwahi kuuondoa mkono wala mguu wake. Kamba nayo ni hatari, maana ikilegea na kulala majini yaweza kunaswa na rafadha ya mashua nyingine, au kumzonga mtu.

UKUBWA PEKE YAKE HAUTOSHI

Mtu mwenye macho mazima anaweza kutenganisha nukta mbili ambazo miale yake hufika jichoni ikiwa na pembe ya dakika moja, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Ili kutambua umbo, kama vile herufi katika chati ya daktari wa macho, huhitaji pembe ya dakika 5 hivi. Kitu chenye upana wa sentimeta 30 hufanya pembe ya dakika 5 kikiwa umbali wa meta 206. Kwa hiyo, penye hewa safi na mwanga wa kutosha, nahodha aweza kutambua umbo la bendera akiwa umbali wa meta 200, na kuiona kama nukta tu akiwa mbali zaidi.

Sasa na ifanywe hesabu hiyo hiyo kwa kichwa cha mtu. Sehemu inayojitokeza juu ya maji ikiwa na sentimeta 20, pembe ya dakika 5 hupatikana katika umbali wa meta 137. Basi kwa ukubwa peke yake bendera haikizidi kichwa kwa mbali sana. Kama siri ya bendera ingekuwa ukubwa, isingelikuwa na faida kubwa. Siri yake imo katika mambo matatu mengine: kimo, rangi na mwendo.

KIMO: HESABU YA WIMBI

Ichukuliwe kwamba jicho la nahodha anayekuja liko meta 1.5 juu ya usawa wa maji, na mtelezaji aliyeanguka yuko umbali wa meta 100 mbele yake. Kati yao kuna wimbi ambalo kilele chake kina kimo cha meta 0.4 juu ya usawa, nalo liko meta 10 tu mbele ya mtelezaji, yaani meta 90 kutoka kwa nahodha.

Mstari wa kuona unaotoka jichoni na kugusa kilele cha wimbi hushuka kwa meta 1.5 − 0.4, yaani meta 1.1, katika umbali wa meta 90. Katika meta 10 zinazobaki, mstari huo hushuka tena kwa 1.1 × 10 ÷ 90, yaani meta 0.12. Basi mahali alipo mtelezaji mstari uko meta 0.28 juu ya usawa wa maji. Kila kilicho chini ya kimo hicho kimefichwa na wimbi.

Kichwa kinachojitokeza kwa meta 0.2 hakionekani hata kidogo. Na ikiwa mtelezaji yuko katika bonde baina ya mawimbi mawili, maji yenyewe yameshuka chini ya usawa, na kichwa kimefichika zaidi. Lakini bendera inayoinuliwa na mtu aliye ndani ya mashua, ikiwa meta 2 juu ya maji, iko juu ya mstari huo kwa zaidi ya meta moja na nusu. Wimbi la namna hiyo haliwezi kuificha.

Hesabu hii inaonyesha pia kwamba umbali hauleti nafuu. Nahodha akiwa umbali wa meta 200 badala ya 100, huku wimbi likibaki mahali pake, kimo kinachofichwa huongezeka na kufikia meta 0.34. Kadiri aliyeanguka anavyokuwa mbali ndivyo anavyofichika zaidi, na mbali ndiko anakotakiwa aonekane mapema.

RANGI: KWA NINI NYEKUNDU AU MACHUNGWA

Penye mwanga wa mchana, jicho la binadamu huona vyema zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanometa 555 hivi, ambao ni wa kijani kinachoelekea manjano. Je, bendera isingefaa kuwa ya kijani? La hasha. Kitu huonekana kwa kutofautiana na kilicho nyuma yake. Maji huakisi buluu ya mbingu au huwa na kijani chake yenyewe, ufuko una miti ya kijani, na povu la mawimbi ni jeupe. Machungwa na nyekundu ni rangi ambazo ni nadra kuonekana juu ya maji, hasa machungwa, ambayo iko upande wa pili kabisa wa buluu katika duara la rangi.

Kuna vitambaa vya machungwa vinavyoonekana kana kwamba vina taa ndani yake. Hivyo vimetiwa rangi zenye tabia iitwayo fluoresensi. Rangi hizo hufyonza miale ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, pamoja na mwanga wa buluu, kisha huutoa tena kama mwanga wa machungwa. Kwa hiyo kitambaa hutoa mwanga wa machungwa mwingi kuliko ule wa machungwa ulioangukia juu yake. Ndugu wawili wa California, Robert na Joseph Switzer, walikuwa miongoni mwa waliotengeneza rangi za namna hii katika miaka ya 1930. Upungufu wake ni kwamba jua lenyewe huzichujua kadiri ya muda. Bendera iliyopauka haifai na yapasa kubadilishwa.

Lipo pia jambo la urithi. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, mwanaume mmoja katika kila 12 hivi ana upungufu wa kupambanua nyekundu na kijani, kwa sababu jeni zinazohusika zimo katika kromosomu X. Kwa baadhi ya watu hao, nyekundu huonekana imefifia na kuwa nyeusi-nyeusi. Hata hivyo wengi wao hupambanua vizuri rangi zilizo upande wa manjano na zile zilizo upande wa buluu. Hivyo machungwa angavu juu ya maji ya buluu huwafaa watu wengi zaidi kuliko nyekundu iliyokolea.

JUA LINAPOKUCHWA

Katika retina ya jicho kuna seli za aina mbili. Seli koni hupambanua rangi, lakini zinahitaji mwanga mwingi. Seli fito hufanya kazi katika mwanga hafifu, lakini hazipambanui rangi. Giza linapoanza kuingia, kazi huhama kutoka koni kwenda fito, na fito huona vyema zaidi mwanga wa nanometa 507 hivi, wa kijani kinachoelekea buluu. Nyekundu hazioni ila kwa shida. Ndiyo maana jioni ua jekundu hugeuka kuwa jeusi huku majani yake yakiendelea kuonekana. Tabia hii imepewa jina la mwanasayansi wa Bohemia Jan Evangelista Purkyně, aliyeishi kati ya mwaka 1787 na 1869.

Basi bendera nyekundu iliyokuwa ikipiga kelele mchana, wakati wa magharibi hunyamaza. California hairuhusu mtu kuvutwa kwa ski kutoka machweo hadi macheo, na fizikia ya jicho inaiunga mkono sheria hiyo.

MWENDO WA KITAMBAA

Nahodha hatazami kila upande kwa wakati mmoja. Sehemu ya katikati ya retina ndiyo ionayo rangi na maumbo kwa usahihi. Pembeni mwa retina uwezo wa kupambanua rangi ni mdogo, bali huko jicho ni hodari wa kugundua kitu kinachocheza. Kitambaa kinachopungwa huvuta jicho ligeuke, na likisha kugeuka ndipo rangi yake hutambuliwa. Tena jua linapokuwa chini, nyuma ya mashua, rangi zote hupotea na kubaki kivuli cheusi mbele ya mng'aro. Hapo kinachobaki kusaidia ni mwendo wa kitambaa na umbo lake. Kwa sababu hiyo bendera iliyoshikwa mkononi na kuinuliwa juu ya kichwa hufaa kuliko ile iliyolala juu ya kiti.

BENDERA NI LUGHA

Waswahili husema kwamba bendera hufuata upepo. Bendera hii haifuati upepo. Hufuata hali ya mtu aliye majini. Sheria ya California inataja hali nne za kuiinua:

1. Mtelezaji ameanguka majini.
2. Mtelezaji yumo majini akijiandaa kuanza.
3. Kamba imetandazwa majini kutoka kwenye mashua.
4. Ski iko majini karibu na mashua.

Mtelezaji akiisha kusimama na kuteleza, bendera huteremshwa. Wako wanaodhani kwamba ni salama zaidi kuiacha juu kutwa nzima. Hilo ni kosa. Ishara isiyobadilika haina habari ndani yake. Nahodha aliyeziona bendera ishirini zikipepea bila mtu yeyote kuwa majini ataizoea ya ishirini na moja, na yamkini hiyo ndiyo ya kweli.

Kazi ya kuiinua bendera ni ya mwangalizi. California inataka kila mashua ivutayo mtu iwe na mwangalizi mbali na nahodha, mwenye umri wa miaka 12 au zaidi. Sababu yake ni dhahiri: nahodha hana budi kutazama mbele, na mtelezaji yuko nyuma. Kwa kuwa mota ina kelele, mwangalizi na mtelezaji huelewana kwa ishara za mikono.

Bendera hii isichanganywe na zile za wazamiaji. Katika Kanuni ya Kimataifa ya Ishara, bendera yenye nusu nyeupe na nusu ya buluu humaanisha kwamba mzamiaji yuko chini ya maji, na vyombo vingine vikae mbali na kupita polepole. Huko Marekani hutumika pia bendera nyekundu yenye mstari mweupe wa mshazari. Bendera ya mtelezaji ni ya rangi moja tu.

YALE AMBAYO BENDERA HAIWEZI

Bendera imo ndani ya mashua, haiko juu ya kichwa cha aliyeanguka. Ikiwa mashua imekwisha kwenda meta 100 mbele, bendera inaonyesha mashua ilipo, wala haionyeshi mtu alipo. Maana yake si "mtu yuko hapa", bali ni "kuna mtu karibu, mtafute kwa macho". Nahodha anayeiona hana budi kupunguza mwendo na kuchungulia maji ya pande zote, hasa nyuma ya mashua hiyo. Kwa mujibu wa maelezo yanayotolewa kwa manahodha wa California, kuinuliwa kwa bendera peke yake hakuwazuii wengine kulitumia eneo hilo. Kunawataka wawe na hadhari.

Kwa hiyo mtelezaji mwenyewe ana sehemu yake. Huvaa vazi la kuelea lenye rangi angavu. Akiisha kuanguka, huinua ski moja wima juu ya maji. Ski inayojitokeza kwa meta moja imekishinda kilele cha wimbi la meta 0.4, na hivyo humtoa katika maficho yaliyoonyeshwa na hesabu ya hapo juu. Nahodha wake naye hugeuka upesi, humkaribia polepole huku akimweka upande anaomwona, na huzima mota kabla mtelezaji hajapanda.

Thamani ya haya yote hupimwa kwa sekunde. Nahodha anayekwenda kilometa 50 kwa saa, akikiona kichwa umbali wa meta 40, ana sekunde 2.9 tu. Ikiwa sekunde 2 zinapita katika kutambua na kuugeuza usukani, mashua imekwisha kula meta 28, na zinabaki meta 12. Lakini akiiona bendera umbali wa meta 200, ana sekunde 14, na huo ni muda wa kutosha kupunguza mwendo, kutafuta na kupita kando.

JARIBIO SHULENI

Jaribio hili lifanywe katika kiwanja cha michezo, wala si majini au barabarani. Vinahitajika vitambaa viwili vya mraba wa sentimeta 30, kimoja cha machungwa na kimoja cha kijani, mpira wa ukubwa wa kichwa, na kamba ya kupimia.

Kwanza, mwanafunzi mmoja asimame mwisho wa kiwanja, mbele ya miti au majani, na kuinua kitambaa kimoja baada ya kingine. Wenzake wamsogelee kutoka mbali, na kila mmoja aandike umbali alipoanza kukiona. Jaribio lirudiwe kitambaa kikiwa kimetulia, kisha kikipungwa.

Pili, mpira uwekwe chini, na meta 2 mbele yake kiwekwe kizuizi chenye kimo kinachozidi kidogo kimo cha mpira. Wanafunzi wachore pembetatu, wakadirie kimo kinachofichwa, kisha wahakikishe kwa kutazama.

Tatu, wakati wa magharibi, kitambaa chekundu kilinganishwe na cha buluu kila baada ya dakika 5, mpaka giza liingie.

Wanafunzi wa pwani na wa kandokando ya maziwa hawatakosa kugundua kwamba mvuvi anayechomeka kijiti chenye kitambaa juu ya boya la wavu wake anatumia kanuni zile zile za kimo, rangi na mwendo.

MASWALI

1. Mashua inakwenda kilometa 36 kwa saa. Nahodha anamwona mtu umbali wa meta 60, na anachukua sekunde 2 kabla ya kugeuza usukani. Zimebaki meta ngapi?
2. Jicho la nahodha liko meta 1.5 juu ya maji. Omo ya mashua iko meta 3 mbele ya jicho lake, na kimo chake ni meta 1.3. Ni maji ya umbali gani yaliyofichwa na omo? Mashua ikiongeza mwendo na omo ikainuka kufikia meta 1.4, umbali huo unakuwa kiasi gani?
3. Eleza kwa nini bendera inayoachwa juu siku nzima inapunguza usalama badala ya kuuongeza.
4. Kwa nini kijani, ambacho jicho hukiona vyema mchana, hakifai kwa bendera hii?

Majibu ya hesabu: (1) meta 40. (2) meta 22.5, kisha meta 45. Omo kuinuka sentimeta 10 tu kumeongeza maradufu eneo ambalo nahodha halioni, na katika eneo hilo kichwa cha mtu chaweza kuwamo.